Oili ya shangingi milimani: hesabu saa, usihesabu lita tu

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

WAFANYABIASHARA wawili, mmoja wa Mombo na mwingine wa Lukozi, wanaweza kununua Land Cruiser mbili za mwaka mmoja, zenye injini moja, kutoka yadi moja ya Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye la Mombo linavuta kama kawaida, na la Lukozi limeshashushwa injini. Jamaa watasema la Lukozi lina mkosi, au dereva wake hana mkono mzuri. Mara nyingi jibu liko chini kwenye sampu: ni oili gani iliwekwa, na iliachwa humo kwa muda gani.

Makala haya ni kwa ajili ya msomaji aliyeweka, au anayefikiria kuweka, mtaji wake katika gari kubwa la kazi huku Usambara. Wapo wanaokodisha kwa wageni waendao Irente, Magamba na Mambo. Wapo wanaokodisha kwa miradi. Wapo wanunuzi wa mboga ambao wakati wa masika hawana njia nyingine ya kumfikia mkulima, kwa kuwa Canter inakwama. Mitaani magari haya yalipewa jina la mashangingi, jina lenye kejeli ndani yake. Lakini jina hilo ni la mjini. Hapa milimani shangingi ni chombo cha kazi kama jembe, na jembe lisiponolewa halilimi.

Tuanze na mlima wenyewe. Mombo iko kwenye mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi. Umbali kati yao ni kilomita 33 za kona, kupitia Soni. Maana yake gari linapanda kilomita moja nzima kwenda juu katika safari isiyofika saa moja na nusu, mara nyingi likiwa limejaa, gia ya pili na ya tatu, huku upepo unaoingia kwenye rejeta ukiwa kidogo kwa sababu mwendo ni wa pole. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana ina lami. Ukitoka Lushoto kwenda Mlalo, Lukozi, Rangwi au Mtae unaanza kukutana na vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua.

Sasa tupige hesabu ambayo wenye magari wengi hawaipigi. Fundi amekuambia ubadilishe oili kila kilomita 5,000. Gari linalokwenda na kurudi Dar es Salaam kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa litafikisha kilomita hizo baada ya saa 71 za injini kufanya kazi. Gari linalozunguka vijiji vya milimani kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litazifikisha baada ya saa 250. Kibao cha kilomita kinasema magari haya yamefanya kazi sawa. Injini inasema la pili limefanya kazi mara tatu na nusu, tena kazi nzito zaidi.

Mwenye jenereta ya dizeli au mashine ya kusaga hahitaji kufundishwa jambo hili. Yeye hana kibao cha kilomita, huhesabu saa, na wengi humwaga oili kila saa 250 au kabla ya hapo. Shangingi la milimani ni ndugu wa jenereta kuliko ndugu wa basi la Dar.

Masizi yanatoka wapi

Kuna jambo jingine ambalo mlima huleta. Kwenye mita 1,400, hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko kule Tanga mjini. Injini ya dizeli isiyo na tabo huvuta hewa hiyo nyepesi kama ilivyo. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye kilima, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Matokeo yake unayaona nyuma ya gari: moshi mweusi. Usichokiona ni kwamba sehemu ya masizi hayo hayatoki kwenye ekzosi. Yanapita pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Hii ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi siku mbili tatu baada ya kubadilishwa. Weusi peke yake si ubovu. Oili nzuri ya dizeli ina dawa ya kuyashika masizi na kuyaacha yaelee bila kugandamana, na ina dawa nyingine ya kuua asidi inayotokana na salfa iliyo kwenye dizeli. Dawa hizo huisha. Zikiisha, masizi hushikana kuwa tope, tope huziba vijia vyembamba, na injini huanza kula chuma chake yenyewe.

Kwa upande wa salfa tumepata nafuu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa katika dizeli kisizidi sehemu 50 katika milioni. Zamani kilikuwa mamia, na kabla ya hapo maelfu. Lakini nafuu hiyo ni kwa dizeli ya kituo. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara hajui anachokitia.

Namba na herufi

Kwenye kopo la oili kuna namba na kuna herufi. Wateja wengi husoma namba, wachache husoma herufi, na karibu wote husoma bei.

Namba, kwa mfano 15W-40, hueleza uzito, yaani ule mnato wa oili. Namba ya kwanza ni tabia yake ikiwa baridi, ya pili ni tabia yake injini ikishapata moto. Hiyo 15W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lushoto yetu, hata asubuhi za Juni na Julai ambapo joto hukaribia nyuzi 10 na watu wanatembea na makoti, haijafika huko. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia oili ya bei ya juu kwa maelezo kwamba “huku ni baridi sana” anakuuzia hali ya hewa ya Ulaya.

Kuna na kosa la upande wa pili, na hili ndilo limeenea zaidi. “Bosi, weka nzito, hili gari la mlimani.” Maneno hayo utayasikia gereji yoyote kuanzia Mombo. Ati oili nzito ina nguvu. Uzito si nguvu. Oili inazifikia beringi kwa kupitia vitundu na mianya iliyopimwa na mtengenezaji. Oili ya namba 40 tupu, isiyo na W, au nzito kuliko hiyo, ikiwashwa saa 12 asubuhi Magamba hutambaa kama asali. Pampu inahangaika, na filta ikishindwa kuipitisha hufungua mlango wake wa dharura na kuachia oili isiyochujwa. Ni katika sekunde hizo za mwanzo ambapo injini husagika. Joto la mchana la Mombo nalo lisikutishe. Injini iliyopata moto hufanya kazi kwenye joto lake yenyewe, linalosimamiwa na themostati na rejeta, iwe bondeni au mlimani. Kama rejeta ni mbovu, hakuna oili itakayolificha jambo hilo kwa muda mrefu.

Herufi ndizo hueleza ubora. Katika mpango wa API wa Marekani, herufi inayoanza na S ni kwa injini za petroli na inayoanza na C ni kwa dizeli. Herufi inayofuata huonyesha daraja, na kwa kawaida kadiri alfabeti inavyosonga ndivyo daraja linavyokuwa jipya. CD ni daraja la mwaka 1955. CF-4 lilikuja mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002 na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Tazama kopo la oili ya bei ya chini kabisa dukani. Likiwa limeandikwa CD au CF peke yake, unanunua ujuzi wa zamani kwa bei ya leo. Oili hiyo si bandia, na huenda kwa trekta la babu inatosha. Ila dawa zake za kushika masizi ni chache, na masizi ndiyo adui wako mkubwa milimani.

Gari gani, oili gani

Land Cruiser “mkonga”, lile la mgongo mgumu tunalolifahamu wote, mengi yana injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli, bila tabo, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990. Injini hii haina makuu. Oili ya 15W-40 ya daraja la CI-4, au hata CH-4, inaitosha kabisa. Oili za jamii hii ni zile za malori, kama Rimula ya Shell, Rubia ya TotalEnergies au Delvac ya Mobil, na makampuni mengine yana zao. Usibabaishwe na ile ya sintetiki yenye bei mara mbili. Kwa 1HZ, fedha hiyo ni afadhali uitumie kubadilisha mapema, na kununua filta ya hewa, kwa sababu vumbi la njia ya Mtae likishapita filta iliyochanika hugeuza oili yoyote kuwa msasa.

Yenye tabo, kwa mfano Land Cruiser za 1HD au Land Rover 300Tdi, yanadai zaidi. Mhimili wa tabo huzunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika ukiwa juu ya utando wa oili tu. CI-4 hapa si anasa. Na ukifika Lushoto na mzigo usizime injini papo hapo. Iache inguruume taratibu dakika moja au mbili, oili ipoze tabo kwanza. Dereva anayezima huku bado anatafuta mahali pa kuegesha anakupikia oili ndani ya tabo.

Tahadhari kubwa ni kwa wanunuzi wa Prado mpya mpya za dizeli kutoka Japani, zile zenye injini ya 1GD ya lita 2.8. Nyingi zina filta ya masizi kwenye ekzosi, ile ambayo mafundi huiita DPF. Hizi zinataka oili yenye majivu machache. Makopo ya Kijapani huandikwa DL-1, ya Ulaya huandikwa kwa herufi C na namba, mfano C2, na uzito wake ni mwepesi, 0W-30 au 5W-30. Ukimimina humo CI-4 ya lori, injini haitalia siku hiyo. Majivu yatajikusanya kwenye filta mpaka izibe, na bei ya filta hiyo itakufanya ukumbuke makala haya. Aidha, mwendo wa polepole wa milimani hauipi filta hiyo joto la kujisafisha. Kwa maoni ya mwandishi, anayetaka gari la kuzunguka vijiji tu afikirie mara mbili kabla ya kununua la namna hiyo, hata kama ni zuri machoni.

Mashangingi ya petroli hutumia madaraja ya S, na kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Lina dalili moja inayofaa kujulikana. Shuka nalo kutoka Soni kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta, ukifika Mombo kanyaga. Likitoa wingu la bluu, oili inavutwa kupitia sili za valvu. Mteremko umekuonyesha bure kile ambacho fundi angekutoza kukitafuta.

Hesabu ya mfuko

Tuchukue bei za mfano tu, msomaji aweke za duka lake. Sampu ya 1HZ humeza karibu lita 10. Tuseme oili ya CF inauzwa Sh 8,000 kwa lita na ya CI-4 Sh 13,000, na filta Sh 20,000. Huduma moja kwa oili rahisi ni Sh 100,000, na kwa oili bora Sh 150,000. Mwenye kuhesabu lita ataona ameokoa Sh 50,000 na kufurahi.

Lakini kwa kazi ya milimani oili rahisi haipaswi kuvuka kilomita 2,500, wakati ile bora inaweza kufika 4,000, ambazo kwa mwendo wetu wa kilomita 20 kwa saa ni saa 200. Kwa kila kilomita 1,000, oili rahisi imekugharimu Sh 40,000 na ile bora Sh 37,500. Iliyo ghali ndiyo iliyo rahisi. Na hapo hatujahesabu siku za gari kulala gereji.

Zaidi ya hapo, linganisha na dizeli. Gari likila lita 14 kwa kilomita 100, katika kilomita 4,000 limekunywa lita 560. Hata tukiweka Sh 2,500 kwa lita, hiyo ni Sh 1,400,000. Ile Sh 50,000 unayoibania kwenye oili ni lita 20 za dizeli, sawa na kupanda na kushuka Mombo mara mbili. Mfanyabiashara anayeacha dereva atumie gari kwenda kunywa chai Soni, kisha anabana kwenye oili, anaziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Tukumbushane pia kwamba bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi zinahusu petroli, dizeli na mafuta ya taa. Vilainishi havimo. Kila duka linajipangia, kwa hiyo uliza maduka matatu. Ndoo ya lita 20 kwa kawaida huwa nafuu kwa lita kuliko makopo ya lita tano, na kwa 1HZ inatosha huduma mbili kamili.

Ukinunua gari lililotumika

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushirikiana na mwenzake kununua Land Cruiser iliyotumika. Fedha hizo zilikuwa akiba yetu sote wawili. Yadi haina haja ya kutajwa. Injini ilikuwa kimya kama msikitini, hakuna moshi, hakuna mlio. Tukafurahi, tukalipa, tukapanda nalo. Wiki ya pili tulimwaga oili, ikatoka nzito kama uji wa mgonjwa. Tukaweka 15W-40 kama kitabu kinavyosema. Siku iliyofuata, kona za juu ya Soni, moshi wa bluu ulikuwa unatufuata kama mkia, na taa ya oili ikawa inakonyeza. Ringi zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Oili nzito ilikuwa shuka la kufunikia maiti.

Kushusha injini kulikula faida ya msimu mzima wa wageni, na mwenzangu akauza hisa yake kwa hasara.

Ningejua, ningefanya hivi. Kwanza ningefika asubuhi na kutaka gari liwashwe likiwa baridi, si baada ya kupashwa moto na muuzaji. Pili, ningechomoa stiki ya oili na kuangalia inavyodondoka. Tatu, injini ikiwa inanguruma, ningefungua kifuniko cha kumiminia oili pale juu. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukumwa kwa nguvu kama bomba la jiko ni ringi zilizokwisha. Rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko huashiria maji yameingia kwenye oili, na hapo ni bora kuaga kwa heshima na kuondoka.

Jambo dogo ambalo lina uzito milimani ni kupima oili mahali tambarare. Linaonekana jepesi, lakini Lushoto sehemu tambarare ni ya kutafuta, na nyumba nyingi zina gari lililoegeshwa pua juu. Ukipima hapo, stiki itakudanganya, utazidisha au utapunguza. Ikipungua, kwenye mpando mkali oili hukimbilia nyuma ya sampu, pampu inavuta hewa, na taa inawaka. Tafuta uwanja, zima, subiri dakika tano, ndipo upime. Mfundishe dereva afanye hivyo kila Jumatatu na aandike kwenye daftari kilomita na saa za kazi. Daftari la Sh 1,000 linatosha, na siku ya kuuza gari litakuongezea bei.

La mwisho ni bandia. Kopo la kampuni maarufu linaweza kuwa na oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi. Angalia sili, angalia namba ya toleo iliyochapwa, angalia alama ya TBS, na nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti. Utaona pia vijana wanaopita gereji wakinunua makopo matupu ya oili yenye vifuniko vyake, na hulipa zaidi kama lebo haijachanika. Wengine huyatumia kwa maziwa au mafuta ya taa. Wengine hawasemi. Kopo lako likiisha, litoboe kwa bisibisi mbele ya fundi kabla hujaondoka. Ile oili iliyomwagwa, kama huna mtu wa kuipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, ichukue kwenye dumu urudi nayo, maana mfereji ulio chini ya gereji nyingi za huku unakwenda moja kwa moja kwenye bustani za kabichi.